Lami ina mfuko wake, abiria hana: pesa za barabara na usafiri wa umma Mwanza

Barabara kubwa za kuingia Mwanza ni tatu. Ile ya Shinyanga hutokea Usagara, ikapita Buhongwa, Nyegezi, Butimba na Mkuyuni. Ile ya Musoma hutokea Kisesa, ikashika Igoma, Nyakato, Buzuruga na Mabatini. Ile ya uwanja wa ndege huteremka Ilemela, Pasiansi na Kona ya Bwiru hadi Kirumba. Zote huishia katikati ya jiji, kwenye ukanda mwembamba uliobanwa na ziwa upande mmoja na milima ya mawe upande mwingine. Mji wa tambarare ukijaa huchonga barabara nyingine pembeni. Mwanza pembeni ni maji au jabali.

Watu nao hawakusubiri. Sensa ya 2012 ilihesabu wakazi 706,453 katika wilaya za Nyamagana na Ilemela. Ya 2022 ikakuta 1,104,521. Hao ni karibu watu 400,000 zaidi ndani ya miaka kumi. Wengi hujenga pembezoni, kwenye viwanja vya Buhongwa, Buswelu, Kiseke na Igoma, huku kazi, masoko, ofisi na hospitali ya Bugando vikibaki mjini. Asubuhi wanateremka pamoja, jioni wanapanda pamoja.

Hapo ndipo hoja inapogawanyika. Kuna wanaosema barabara ya Kenyatta, ile ya upande wa Shinyanga, ipanuliwe iwe njia nne hadi Usagara. Kuna wanaosema yaletwe mabasi makubwa kama ya Dar es Salaam. Mabishano haya huendeshwa kana kwamba kuna kapu moja la pesa na mtu mmoja anayeamua liende kwenye lami au kwenye mabasi. Kapu hilo halipo. Pesa ya barabara ina sheria yake, chanzo chake na wasimamizi wake. Usafiri wa abiria wa mjini hauna mfuko wa namna hiyo. Unajilipia wenyewe kwa nauli anayokusanya konda.

Pesa ya lami inavyopatikana

Kila lita ya petroli na dizeli inayouzwa nchini ina tozo ya barabara ndani ya bei yake. Tozo hiyo huingia Mfuko wa Barabara, na sheria inataka angalau asilimia 90 ya pesa za Mfuko ziende kwenye matengenezo na dharura. Sehemu inayobaki ndiyo inayoweza kutumika kwa maendeleo. Mgawo huo ulitokana na uzoefu mchungu wa nchi nyingi za Afrika zilizojenga lami kwa mikopo, zikaiacha ife, kisha zikakopa tena kuijenga upya. Barabara mpya kubwa, kwa hiyo, kwa kawaida hulipiwa na bajeti kuu ya serikali au mikopo. Mkopo wa Benki ya Dunia ndio ulioendesha mradi wa miji ya kimkakati ulioijumuisha Mwanza, na mrithi wake, mradi wa TACTIC, unaendelea na kazi hiyo katika miji 45.

Wanaozitumia pesa hizo ni wawili. TANROADS, wakala wa barabara wa taifa ulioanza kazi mwaka 2000, inashika barabara kuu na za mkoa. TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini ulioanza mwaka 2017, inashika barabara za wilaya: za mkusanyo, za mlisho na za jamii. Katika mwaka wa fedha 2021/22 tozo ya mafuta iliongezwa shilingi 100 kwa lita, na nyongeza hiyo ikaelekezwa TARURA, kwa sababu barabara zake ni nyingi na nyingi kati yake ni za udongo.

Shilingi hizo 100 zinafaa kufuatiliwa hadi kwa anayelipa. Tuchukulie daladala aina ya Coaster, basi dogo, inayokwenda kilomita 160 kwa siku na kula lita moja kwa kila kilomita tano. Hiyo ni lita 32, yaani shilingi 3,200 za nyongeza hiyo pekee. Ikibeba abiria 400 kwa siku, kila mmoja amechangia shilingi 8 kwa safari. Mwenye gari dogo anayekwenda peke yake kilomita 10 na kutumia lita moja amechangia 100. Mwenye gari akisema analipia barabara, basi, hasemi uongo. Tatizo ni kwamba tozo ya mafuta haijui saa wala mahali. Lita inayoungua saa nane usiku kwenye barabara tupu ya Magu inalipa sawasawa na lita inayoungua saa moja na nusu asubuhi Mkuyuni, ambako kila gari linaloongezeka linayachelewesha yote yaliyo nyuma yake. Mfuko unajua namna ya kutoza uchakavu wa barabara. Nafasi, ambayo ndiyo mali adimu kuliko zote Mwanza, haitozwi na mtu.

Hata kwenye uchakavu, lawama huangukia wasiohusika. Majaribio makubwa yaliyofanyika Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kwamba madhara ya ekseli, yaani mhimili wa magurudumu, kwenye lami hupanda takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wake. Ekseli ya tani 12 mahali panaporuhusiwa tani 10 haiongezi madhara kwa asilimia 20. Inayaongeza mara mbili. Kwa kanuni hiyohiyo, ekseli moja ya lori yenye tani 10 inaumiza lami karibu sawa na ekseli 120 za tani tatu, uzito unaokaribia ule wa ekseli ya nyuma ya Coaster iliyojaa. Kinachokwangua lami ya barabara kuu ni mizigo mizito inayopita kuelekea Musoma, Geita na nje ya mipaka. Daladala haimo kwenye kesi hiyo. Ndiyo maana mizani ya malori na barabara ya mchepuo ya Usagara–Kisesa, inayowaruhusu wanaokwenda Mara wasiingie mjini, vina faida kwa abiria wa daladala ingawa hakuna daladala inayopimwa pale.

Safari moja, wenyewe wengi

Chukua daladala inayotoka Buhongwa kwenda uwanja wa ndege. Inaanza ndani ya Halmashauri ya Jiji la Mwanza na kuishia Manispaa ya Ilemela. Barabara kuu inayopita ni ya TANROADS, chini ya wizara yenye dhamana ya ujenzi. Kichochoro alichotokea abiria ni cha TARURA, chini ya TAMISEMI, ofisi ya serikali za mitaa. Leseni, ruti na nauli ni za LATRA, mdhibiti wa usafiri wa ardhini, chini ya wizara ya uchukuzi. Anayesimamia makutano ni askari wa usalama barabarani, chini ya mambo ya ndani. Stendi na mipango miji ni za halmashauri. Gari ni la tajiri, yaani mmiliki.

Kila mmoja hapo anaweza kufanya kazi yake vizuri na abiria akachelewa vilevile. Mhandisi hupimwa kwa kilomita za lami zilizokamilika na hali yake. Mdhibiti hupimwa kwa leseni na utii wa nauli. Hakuna anayepimwa kwa dakika anazotumia mama wa Nyegezi kufika Soko Kuu na mzigo wake.

Hesabu ya tajiri

Usafiri wa umma wa Mwanza hauwezi kueleweka bila kuelewa neno "hesabu". Tajiri anampa dereva gari, dereva anamrudishia kiasi kilichokubaliwa kila jioni; kiasi hicho ndicho hesabu. Mafuta, posho ya konda, chakula, kuosha gari, pesa ya mpiga debe na faini vyote hutoka kwenye kinachobaki. Dereva hana mshahara, ana masalia.

Tufanye hesabu ya mfano, kwa ruti ya kilomita 10. Desemba 2023 LATRA ilipandisha nauli ya mjini isiyozidi kilomita 10 kuwa shilingi 600, mwanafunzi akibaki kwenye 200. Kwa mchanganyiko wa watu wazima na wanafunzi, wastani tuuweke 500. Gari likienda kilomita 15 kwa saa, safari moja ni dakika 40. Kwenda na kurudi 80. Ongeza dakika 10 za kupumzika na kupakia kila mwisho, mzunguko unakuwa dakika 100. Siku ya saa 14 inatoa mizunguko minane, yaani safari 16. Kila safari ikibeba abiria 25, mapato ni shilingi 200,000. Mafuta, lita 32 kwa bei ya mfano ya shilingi 3,000, ni 96,000. Hesabu ya tajiri tuseme 70,000. Dereva na konda wamebaki na 34,000 za kugawana, kabla ya kula na kabla ya faini hata moja.

Ukiitazama hesabu hiyo, tabia zote zinazolaumiwa barabarani zinapata maelezo. Gari linasubiri lijae kwa sababu safari yenye abiria 12 imekula mafuta yaleyale. Saa sita mchana magari yanapungua kwa sababu safari za saa hiyo hazirudishi gharama. Dereva anakatisha ruti Mkuyuni kwa sababu waliobaki ndani ni wanne na upande wa pili wanasubiri thelathini. Mwanafunzi anaachwa kituoni kwa sababu nauli yake ni theluthi ya nauli ya mtu mzima na anachukua kiti kilekile. Kumfungulia dereva kesi ni kutibu homa kwa kumpiga mgonjwa. Mkataba wake na tajiri umemkabidhi hatari yote ya biashara, naye anaipunguza kwa njia pekee alizonazo.

Mabasi matano yaliyofichwa kwenye foleni

Sasa hesabu hiyohiyo kwa upande wa jiji. Ruti ikihitaji gari kila baada ya dakika nne, na mzunguko ni dakika 100, unahitaji magari 25. Magari 25 kwa safari 16 kila moja ni safari 400 kwa siku.

Ukipandisha mwendo kutoka kilomita 15 hadi 20 kwa saa, safari inashuka hadi dakika 30, mzunguko unakuwa dakika 80. Kwa gari kila dakika nne unahitaji magari 20 tu. Kila gari sasa linafanya mizunguko kumi, safari 20, na magari 20 yanatoa safari zilezile 400. Abiria hajapunguziwa huduma hata kidogo, na kila safari imefupishwa kwa dakika kumi. Magari matano yamepatikana bila mtu kuagiza chochote bandarini. Yanaweza kupelekwa ruti isiyo na gari la kutosha. Dereva naye anapata 250,000, mafuta 120,000, hesabu 70,000, masalia 60,000. Karibu mara mbili. Na faida hiyo haijamnyang'anya abiria hata shilingi.

Hesabu hii ndiyo inayovunja ugomvi wa "barabara au basi". Shilingi ya barabara iliyotumika kuondoa ucheleweshaji wa daladala ni shilingi iliyonunua mabasi. Iliyotumika mahali ambapo daladala haicheleweshwi haijanunua kitu kwa abiria, hata lami yake ing'ae namna gani.

Muda wenyewe unapotea wapi? Kwenye barabara zenye msongamano, sehemu ndogo tu hupotea gari likiwa linatembea. Sehemu kubwa huliwa na makutano, na vituo visivyo na nafasi ambapo gari la kwanza linawazuia waliofuata, na madimbwi, na magari yaliyoegeshwa kwenye ukingo, na kupanda na kushuka kupitia mlango mmoja huku konda akitafuta chenji. Hakuna hata kimoja hapo kinachohitaji njia nne kutoka mwanzo hadi mwisho.

Kupanua, na kinachofuata

Hiyo haimaanishi barabara zisipanuliwe. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, kilomita tatu juu ya maji kwa gharama ya zaidi ya shilingi bilioni 700, safari ya Sengerema na Geita haisubiri tena kivuko. Ni kazi kubwa na ya lazima. Lakini wanaovuka wakielekea Mwanza wote wanaingia kwa mlango uleule wa Usagara na Buhongwa. Daraja halikuondoa foleni. Limeisogeza kilomita kadhaa kuelekea mjini.

Kupanua barabara kwa magari mchanganyiko kuna tabia iliyochunguzwa kwa miongo mingi. Mchumi Anthony Downs aliieleza mwaka 1962: kwenye barabara ya mjini, saa za msongamano, nafasi mpya hujazwa. Aliyekuwa akitoka saa kumi na moja alfajiri sasa anatoka saa moja. Aliyekuwa akipanda daladala anachukua gari au anakopa bodaboda. Aliyekuwa akizungukia njia nyingine anarudi. Mwanza kuna hatua mbaya zaidi inayofuata. Abiria wanaohamia bodaboda wanaondoka na nauli zao. Daladala inabaki na viti vitupu. Kwa kuwa hesabu ya tajiri haipungui, gari linasubiri zaidi stendi. Kusubiri kunawafukuza wengine. Mwishoni barabara ni pana zaidi na kufika mjini kunachukua muda uleule, kwa gharama kubwa zaidi kwa kila kichwa.

Njia moja ya barabara ya mjini iliyoachiwa magari ya watu binafsi hupitisha takriban watu 600 hadi 1,600 kwa saa. Ikitengewa mabasi hupitisha 4,000 hadi 8,000, ikiwa mabasi yenyewe yapo. Masharti hayo ya mwisho yasipitwe haraka. Coaster ya watu 30 kila dakika mbili ni watu 900 kwa saa, na njia yake ya pekee itaonekana tupu na kuwaudhi wote. Ikiwa kila dakika moja, ni watu 1,800, na tayari imezishinda gari ndogo. Kwa hiyo kipimo cha vitendo ni hiki: kabla ya kutenga njia, simama ukingoni na uhesabu. Pakipita Coaster chini ya 35 kwa saa ya msongamano, tengeneza makutano na vituo kwanza. Zikizidi 40, njia ya daladala walau kwa saa za asubuhi na jioni ina utetezi wa namba.

Dar es Salaam ilifundisha upande mwingine wa sharti hilo. Awamu ya kwanza ya mabasi yaendayo haraka, kilomita 20.9 za Kimara–Kivukoni pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani, ilianza kubeba abiria Mei 2016 na ikabadilisha maisha ya waliokuwa wakitumia saa nyingi Ubungo. Lakini karakana iliwekwa Jangwani, kwenye bonde la mto Msimbazi, na mafuriko yakaharibu mabasi. Kwenye awamu ya Mbagala barabara ilikamilika na mabasi yakachelewa. Njia ilikuwa na mkopo, ratiba na mkandarasi. Mabasi yalingoja mwekezaji. Mwanza ikinakili mchoro bila kuuliza nani analipa mabasi ya mwaka wa sita, yale ya kwanza yanapochoka, itanakili na tatizo.

Kituo ni kazi ya uhandisi

Hapa ndipo pesa ya barabara inapoweza kumfikia abiria mapema zaidi, na ndipo michoro inapokosea zaidi.

Coaster ina urefu wa karibu mita 7. Kituo cha kutosha magari matatu kwa pamoja kinahitaji kama mita 25 za kusimama, na mita 15 hadi 20 za kuingilia na nyingine za kutokea, jumla mita 55 hadi 65, kwa kina cha mita 3. Kikichorwa cha mita 20 kwa sababu kuna ukuta wa mtu, gari la pili litasimama barabarani na kituo kitakuwa pambo. Kiwekwe baada ya makutano, si kabla. Kikiwa kabla, gari linalopakia linawazuia wenye kwenda moja kwa moja hata taa ikiwa ya kijani, nao abiria wanavuka mbele yake bila kuonekana.

Sakafu yake iwe ya zege. Breki za magari yanayosimama mamia ya mara kwa siku husukuma lami na kuikunja, na matone ya dizeli na oili hulainisha lami hadi iwe kama uji mkavu. Baada ya masika moja panakuwa na shimo, madereva wanalikwepa kwa kusimama barabarani, na foleni inayoonekana kama tabia mbaya imesababishwa na tabaka lisilofaa. Mteremko wa kituo uelekee mtaroni, na mtaro uwe na mfuniko imara, kwa sababu abiria watasimama juu yake. Kituo chenye dimbwi hakina abiria. Abiria wapo barabarani.

Kwa makutano, kipande cha njia ya ziada cha mita 50 hadi 80 kabla ya taa, kwa ajili ya daladala peke yake, mara nyingi huokoa dakika nyingi kuliko kilomita nzima ya upanuzi. Na viungo vinavyounganisha barabara kubwa moja na nyingine bila kupita mjini, kama Sabasaba–Kiseke–Buswelu na Buhongwa–Igoma, vina thamani mara mbili vikiwekewa vituo tangu mwanzo na ruti ikaombewa leseni kabla lami haijakauka. Kiungo bila ruti kinawahudumia wenye magari pekee.

Mlimani

Igogo, Mabatini, Isamilo, Bugarika: maelfu ya watu wanaishi mahali ambapo Coaster haipandi na haitapanda. Safari yao ya daladala inaanza kwa miguu kwenye mawe, mara nyingi na ndoo au mtoto mgongoni. Mvua za vuli na masika huteremsha mchanga na kokoto kwa kasi, zinaziba makalavati ya chini, na maji yakikosa pa kupita yanapanda juu ya lami. Shimo linalozibwa kila mwaka barabara ya chini lina chanzo chake mita mia mbili mlimani.

Mwanza ina jibu lake yenyewe, nalo linastahili kuthaminiwa kuliko linavyothaminiwa: barabara za mawe. Mawe ya hapahapa, yakilazwa juu ya mchanga na kubanwa kwa kingo, yanastahimili mteremko na maji ambavyo lami nyembamba haistahimili. Jiwe likitoka, fundi wa mtaani analirudisha. Na sehemu kubwa ya pesa inabaki mikononi mwa waliobeba na kuchonga. Ubaya wake ni mwendo mdogo na mtikisiko, jambo ambalo kwenye mteremko wenye watoto si hasara. Kinachoharibu barabara hizi ni kingo dhaifu: kingo ikihama, safu ya kwanza inalegea, na mvua inazifuata nyingine moja baada ya nyingine. Ngazi zenye mfereji ubavuni na taa juu yake ni za daraja lilelile la umuhimu. Zinampeleka abiria kituoni salama saa kumi na mbili alfajiri, na kwa bei ndogo sana zikilinganishwa na kilomita ya lami ya mjini yenye mitaro na taa, ambayo huvuka kwa urahisi shilingi bilioni moja.

Mkataba wa kilomita

Lami na vituo vikikaa sawa, bado hesabu ya tajiri inabaki. Dawa inayojulikana ni kumlipa mwendeshaji kwa kilomita alizokwenda kwa ratiba, nauli ikaenda kwenye akaunti ya pamoja. Kwa mfano wetu, shilingi 200,000 kwa kilomita 160 ni shilingi 1,250 kwa kilomita. Anayelipwa hivyo hana sababu ya kusubiri gari lijae, kukatisha ruti wala kumwacha mwanafunzi. Hatari ya viti vitupu imehamia kwa mamlaka, ambayo inaweza kuibeba kwa sababu ina ruti nyingi na saa nzuri hufidia saa mbaya.

Pengo likitokea ni la kiasi gani? Magari 25 kwa 200,000 ni shilingi milioni 5 kwa siku. Nauli ikipungua kwa asilimia 10, pengo ni 500,000 kwa siku, milioni 150 kwa siku 300. Ni pesa inayohitajika kila mwaka, tofauti na lami inayojengwa mara moja, ingawa lami nayo hudai matengenezo kila mwaka, na ndiyo sababu Mfuko wa Barabara upo. Kwa sheria ilivyo, Mfuko hauwezi kuziba pengo hilo. Chanzo kingine lazima kitajwe kabla ya mkataba, iwe ada ya maegesho ya katikati ya jiji au fungu la halmashauri zote mbili.

Mikataba hii huvunjika kwa sababu tatu zinazojirudia. Malipo yakichelewa miezi miwili, magari yanaegeshwa, kwa kuwa mwendeshaji mdogo hana akiba ya mafuta. Kilomita zisipofuatiliwa kwa kifaa ndani ya gari, zinaandikwa hata ambazo gari halikwenda. Na wamiliki wa gari mojamoja wasipounganishwa kwenye ushirika au kampuni kabla ya zabuni, zabuni inakwenda kwa mgeni, nao wanabaki barabarani wakishindana na huduma ileile. Kuwaunganisha kunachukua muda mrefu kuliko kumwaga zege, kuanze kwanza.

Mlango uko wapi

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini ifikapo Julai mambo yameshaamuliwa. Mapendekezo ya mitaa na kata hukusanywa kuelekea mwisho wa mwaka, mabaraza ya madiwani hupitisha bajeti mwanzoni mwa mwaka, na Bunge huketi kwa bajeti kuanzia Aprili hadi Juni. Hoja ya kituo, ngazi au makutano iliyofika Mei imefika kwa mwaka unaofuata. Barabara za TARURA na TANROADS kwa pamoja hujadiliwa kwenye Bodi ya Barabara ya Mkoa, na hiyo ni meza ambapo wahandisi wa pande zote mbili wanakaa na viongozi wa halmashauri zote.

Kinachofaa kupelekwa pale ni namba: daladala ngapi hupita kwa saa, zinasimama dakika ngapi makutano gani, watu wangapi wanateremka mlima upi. Wanafunzi wanne wenye daftari na saa wanaweza kuzipata kwa asubuhi tatu za siku za kazi. Na mchoro uombwe ukiwa bado mchoro, utazamwe urefu wa vituo, upande wa makutano vilipowekwa, upana wa njia ya miguu baada ya kuondoa nguzo za umeme, na mabomba ya maji yatahamishwa lini. Mkataba ukishasainiwa, kituo kilichosahaulika kinakuwa kazi ya ziada yenye bei ya ziada, na bomba lililosahaulika litafukua lami mpya kabla haijafikisha mwaka.